Maombi Kabla ya Moto

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba baba mkwe alikuwa ameacha kukohoa asubuhi.

Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Mama Dinah, mama mkwe wangu, alikuwa na desturi ya kusimama kwenye mlango wa jiko kabla ya kuwasha moto, na kuomba kwa sauti akiielekea nyumba kubwa. Alimtajia Mungu kila mtu wa boma kwa jina, akianza na mume wake na kumalizia na ndama. Akisema amina, baba mkwe anakohoa mara moja kule chumbani, anavaa gambuti, anaenda kukamua. Ndipo moto unawashwa. Hapa kwetu Mautuma majirani walijua kumekucha kwa sababu ya hao wawili.

Kisha tukamzika Mama Dinah. Niliendelea kuwasha moto, chai ikachemka, lakini baba mkwe hakutoka. Ng'ombe walilia mpaka Simiyu, mume wangu, akawakamua huku akichelewa kwenda Matete anakopakia mahindi. Uji niliomwachia baba mkwe mezani niliukuta pale pale, umefanya utando. Shati lake likaanza kumpwaya.

Jumamosi moja Nekesa, dada yake Simiyu, akaja kutoka Likuyani alikoolewa. Alikaa na baba yake, akatoka, akanifuata jikoni na kufunga mlango.

"Mulamwa," akasema, kama tunavyoitana mawifi, "mzee ameamua kumfuata mama."

"Naona."

"Unaona, na unanyamaza? Hii nyumba ilikuwa inaamshwanga na maombi. Omba wewe."

"Mimi?" Karibu niangushe sufuria. Hata kanisani nakaa benchi la nyuma, nisije nikaambiwa nifungue ibada kwa maombi. "Simiyu ndiye aombe. Mimi niliachia shule darasa la tano."

"Kwani Mungu alikuuliza cheti? Simiyu akiomba ni kama anakimbilia gari. Amina yake inafika kabla hajafumba macho."

Tukacheka, kisha akalia, akajifuta kwa leso yangu.

Jumatatu, kabla sijagusa kiberiti, nilisimama mlangoni. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Nilijaribu kufuata mpangilio wa Mama Dinah, nikakwama mwanzo kabisa. Kwetu, mke wa mwana halitaji jina la baba mkwe wake. Nililelewa hivyo, na sioni ubaya wake. Basi nikamruka. Nilianza na Simiyu, nikaja kwa Sylvia mtoto wetu, kwa Nekesa na watu wake, kwa ng'ombe mwenye kidonda kwenye chuchu, na mwisho nikasema, "Na wote wa boma hili. Amina."

Kikohozi hakikuja.

Kesho yake nikasimama tena. Kuna asubuhi nilinong'ona tu kwa hofu. Kuna nyingine mvua ilipiga mabati hata mimi mwenyewe sikujisikia. Polepole mikono yangu ikazoea kungoja; haikuenda kwenye kuni kabla sijaomba. Sylvia naye, mgongoni mwangu, akawa anasema amina kabla sijafika mwisho.

Hata hivyo uji ulibaki mezani.

Asubuhi moja nilipomaliza, dirisha la chumba chake lilifunguka kidogo. Sikumwona. Nilisikia sauti tu.

"Mama Sylvia."

"Baba."

"Ng'ombe umemwombea. Hata chuchu yake umeitaja. Mimi je?"

"Nimekuombea, baba. Nimesema wote wa boma hili."

"Kumbe niko kwenye wote? Pamoja na kuku?"

Simiyu, aliyekuwa akipiga mswaki kando ya tangi la maji, aligeuza uso asionekane akicheka.

"Siwezi kutaja jina lako, baba. Ni heshima."

"Najua. Mama yako alikufundisha vizuri." Kisha akapunguza sauti. "Lakini tangu tumzike Dinah, hakuna aliyelipeleka jina langu kwa Mungu. Mwenyewe nashindwa. Nikifungua kinywa namsikia yeye. Hiyo heshima ni yangu, na mbele za Mungu nimekuachia. Nitaje."

Nilimtazama Simiyu. Povu lilikuwa linamtiririka kidevuni na hakulifuta. Akaitikia kwa kichwa.

Nikafumba macho.

"Mungu wetu, kuna mzee ndani ya nyumba hii. Hali chakula, hainuki, na ng'ombe wanamwita. Sylvia anamwulizia kila siku. Mimi pia namngoja atoke, kwa sababu baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na sikupata mtu wa kumwita baba mpaka nilipoolewa hapa. Umshike mkono wewe, maana mimi sipaswi kumshika. Jina lake ni Zablon Wangila."