Jagi Lililooshwa

Katika ndoa yetu yote Alwin hakuwahi kuosha hata kijiko, mpaka akili ilipoanza kumtoka. Sasa anaosha kila kitu. Anaosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea, anaosha viatu, na juzi aliosha mkate. Mimi hucheka, maana nikianza kulia sijui nitaishia wapi.

Bia ya vuli ilikuwa kazi yake. Kijijini kwetu jiko la bia ni la wote. Zamu yako ikifika unapika kimea chako pale, kisha unaibeba togwa yako, yale maji matamu ya kimea, nyumbani na kuitia hamira mwenyewe, katika chumba cha chini ya nyumba. Mimi nilikuwa mtu wa kuosha mapipa tu. Basi mwaka huu binti yetu Hiltrud akanipigia simu kutoka mjini.

"Mama, ondoa jina lenu kwenye zamu. Baba hawezi tena, na wewe hujawahi. Halafu tuzungumzie yale makao ya wazee."

"Jina halitoki, na baba yako haendi popote."

"Utamweza peke yako?"

"Nikiiweza bia nitamweza na yeye. Njoo uinywe, ndipo useme."

"Haya, mama. Tutaona."

Nilikuwa nimejifunga mwenyewe kwa mdomo wangu. Dukani muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, akanisukumia hamira ya pakiti inayopenda joto. "Hii haina shida, mama. Iweke karibu na jiko, siku chache tu umemaliza." Nikamwambia hiyo ampelekee mama yake. Bia ya Alwin ni laga, na hamira ya laga inataka baridi na subira. Subira sina, lakini baridi ipo ya kutosha kule chini.

Nikanunua ya laga. Kwa kuwa iliyomo kwenye pakiti ni kidogo mno kwa pipa zima, nikailea kwanza. Nilichemsha kimea kidogo, nikakipoza, nikakimimina katika jagi kubwa la kioo, nikaitia hamira na kufunika kwa kitambaa kilichochemshwa. Kila nilipopita nilikuwa nalitikisa. Povu lilipopanda nilipiga kigelegele jikoni, mtu mzima mimi! Hamira ilipotulia nikalishusha jagi chini kwenye baridi. Juu yakabaki maji ya kahawia, chini likatua tope jeupe. Maji yale humwagwa, na tope ndilo hamira yenyewe.

Jumapili, siku moja kabla ya togwa yetu kuwa tayari, nilirudi kutoka kanisani nikalikuta jagi limewekwa juu ya meza ya jikoni. Lilikuwa linang'aa.

"Lilikuwa chafu," Alwin akasema, povu la sabuni likiwa limemfika kwenye viwiko. "Uchafu umeganda chini kabisa. Nimeusugua wote."

Nilimfokea. Nilifoka mpaka sauti ikanikauka, na katika hayo yote nikasema, "Utanifanya nikupeleke kweli!" Alikausha mikono yake polepole, akaenda kukaa.

Duka limefungwa Jumapili, na togwa isiyo na hamira huchacha vibaya. Akabaki Wendelin, jirani aliyekata matawi ya mpeasi wetu bila kuuliza. Alwin hakumsalimia tena tangu siku ile. Lakini Wendelin alikuwa ametoka kupika bia yake, na kwetu hamira hainyimwi mtu, hata mgombane vipi, mradi aje na chombo chake kisafi. Nikalichukua jagi lile lile.

"Leo jua limechomoza wapi, shemeji?" akaniuliza mlangoni.

"Usinichokoze. Nataka hamira."

Akalipokea jagi, akaliangalia kwenye mwanga. "Ehee! Aliyeliosha hili anajua kazi."

"Ni Alwin."

Kicheko kikamkauka. "Amefikia hapo?"

"Amefikia hapo."

Alishuka chini akarudi na jagi limejaa uji mzito mweupe, unanukia mkate mbichi. "Usiipashe moto, shemeji, utaishtua. Ngoja togwa ndiyo ipoe mpaka ilingane nayo." Neno asante lilinifika kwenye ulimi nikalimeza. Hamira ya kuombwa haishukuriwi, wanasema hufa. Nikageuka nikaondoka, naye akafunga mlango wake kama kawaida.

Nyumbani Alwin alinifungulia kabla sijagusa kitasa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Karibu, mama," akasema kwa adabu. "Mke wangu ametoka."

Hakunitambua. Ilikuwa mara ya kwanza.

Akaliona jagi. "Umemletea hamira?" Kisha akaniinamia sikioni. "Nikuombe kitu, mama. Ile yake niliimwaga mimi. Usimwambie."

"Kwa nini?"

"Atanipeleka."

"Wapi?"

"Sijui. Lakini ana hasira, yule."

Muda wote ule nilidhani ninamkinga na Hiltrud. Nilitamani kumwambia mimi ndiye Gundula, mke wake, lakini niliogopa atakavyonitazama.

"Sitamwambia," nikasema. "Wala hatakupeleka. Namjua."

"Humjui, wewe," akasema Alwin. Akanipokea jagi kwa mikono miwili, akatangulia kulishusha chini kwenye baridi.