Ua Uliojengwa Bila Kibali

Mzee waliyemwita Babu Mkasi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa mdomoni. Hakuwahi hata siku moja kusema kwamba aliupanda ua wa Shule ya Wasioona. Alisema aliujenga. Ukijitia kumrekebisha, anakukazia macho kama umewatukana wazazi wake. "Kupanda ni kazi ya siku moja," anakwambia. "Unafukia kijiti, unanawa mikono, unakwenda zako. Mimi ua huu nimeujenga miaka kumi na tisa."

Na jamani, haki yake tumpe, ulikuwa ua kweli. Ulianzia getini, ukafuata njia mpaka mabwenini, ukapinda kwenda madarasani na bwaloni, majani mazito, hauna mwiba hata wa dawa. Watoto walitembea mkono mmoja juu yake, wanacheka, wanasukumana, wala hakuna aliyepotea. Ukiukuta juu umekatwa bapa, ujue unaelekea madarasani. Ukiukuta wa mviringo, ni bwaloni. Penye kona Babu Mkasi alipanda vitu vya kunukia: mrehani kwenye zahanati, asumini kwenye ofisi ya mwalimu wa nukta nundu.

Mwalimu huyo naye alikuwa haoni tangu utotoni, na ulimi wake ulikuwa mwepesi. Siku ya kwanza alipoambiwa kuna mtu amekuja na mkasi kwa ajili ya ua, aliuliza, "Ua gani? La kunusa, wa kuzunguka, au anakuja kuua?" Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yao. Kila asubuhi mwalimu anafika kwenye kona yake, anagusa asumini, anapaza sauti: "Babu Mkasi, umeua nani leo?" Naye anajibu kutoka huko aliko: "Bado, mwalimu. Nanoa kwanza."

Sasa ikaja sheria. Hakuna tena mtu kushika bustani ya taasisi yoyote bila leseni ya ukandarasi wa mandhari. Mkuu wa shule, mtu mpole hasa, alimwita ofisini akamkalisha kwenye kiti cha wageni. Babu Mkasi alipoona kiti cha wageni akajua mambo yameharibika.

"Mimi sina neno na wewe, Babu," mkuu alisema. "Lakini mwezi ukiisha huna leseni, sina budi kuwapa kazi wale wa kampuni. Wana mashine. Wanapita nayo mara moja, wanamaliza."

"Wanakata bapa kote?"

"Nadhani."

Mzee hakulala vizuri wiki ile. Akilini aliwaona watoto wamekwenda bwaloni wakajikuta maktaba, wamesimama kwenye korido wanapapasa ukuta. Akaapa kwamba leseni ataipata, hata kama ni kwa kutambaa kwa magoti.

Fomu aliijaza binti yake, fundi cherehani mwenye mwandiko mzuri. Walikaa mezani, vipande vya vitambaa vimesukumwa pembeni. Wakaenda vizuri mpaka swali la kumi na moja: Eleza kazi kubwa uliyoifanya.

"Andika," mzee alisema, akajinyoosha. "Nimejenga ua wa Shule ya Wasioona, mita mia tatu na kumi, kwa mikono yangu, bila msaidizi."

Binti akainua kalamu. "Baba, niandike 'nimepanda'."

"Kwani mimi napanda mchicha?"

"Baba, hawa watu wa ofisini hawakujui."

"Basi wanijue! Andika nimejenga."

Binti alimjua baba yake. Akaandika nimejenga, kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika, mzee akatia sahihi huku anatabasamu. Lo, laiti kalamu ingekauka.

Baada ya wiki mbili akaitwa dirisha la tatu. Karani alikuwa kijana mtaratibu, wala hakuwa na kiburi, na hilo ndilo lililouma zaidi, maana hukuwa na wa kumchukia. Akamwamkia mzee vizuri, akafungua faili, akasoma: "Kwa maelezo yako mwenyewe, mzee, umejenga ua wa mita mia tatu na kumi bila kibali cha ujenzi."

Babu Mkasi akacheka. Alidhani anataniwa, kama anavyotaniwa na mwalimu. "Kijana wangu, huo ni ua wa miti. Unamea. Unakunywa maji."

"Naelewa, mzee. Lakini umeandika kujenga. Ua wa kujengwa uko idara ya ujenzi, na faili lako limeshahamia huko."

"Basi lirudishe."

"Likishahama halirudi. Labda uombe kibali sasa, kwa kuchelewa." Akageukia kompyuta. "Msingi wake ni wa nini?"

"Mizizi."

Karani akapitisha kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Hapa kuna zege, kuna mawe, kuna matofali."

"Weka mizizi."

"Mashine hainipi pa kuandika, mzee. Nachagua tu."

Kesho yake mzee akarudi na tawi la ule ua limefungwa kwenye gazeti. Akalipitisha dirishani. Karani akalinusa, akasema ni zuri, akalirudisha. Mzee akauliza, je, akiandika barua kwamba alikosea, kwamba alipanda tu? Ilimtoka kwa shida. Karani akainamisha kichwa, akamweleza kwa sauti ya chini: anayekana maelezo aliyotia sahihi anahesabiwa kuwa alidanganya, na aliyedanganya kwenye fomu hapewi leseni miaka mitano.

"Mimi mwezi wa saba natimiza sabini na moja," mzee alisema.

"Najua. Iko hapa kwenye fomu."

Barua ikatoka, nakala moja kwake, nyingine shuleni. Ua usio na kibali ubomolewe ndani ya siku saba, uondolewe mpaka msingi. Usipobomolewa, shule inafungiwa mabweni. Ukibomolewa na mjenzi mwenyewe, jina lake litasafishwa na leseni itatoka. Mkuu wa shule alipiga simu asubuhi, mchana na jioni, akaomba mtu mmoja tu aje kuutazama huo ua kwa macho yake. Akajibiwa kwamba jambo lililokwisha kuandikwa halihitaji kutazamwa.

Ilikuwa likizo. Watoto walikuwa makwao, na mwalimu wa nukta nundu alikuwa amesafiri kusahihisha mitihani. Binti akamwambia baba yake, "Mpigie mwalimu simu, umwambie." Mzee alishika simu mara tatu, akaiweka mara tatu. Amwambie nini? Kwamba watoto wamepoteza njia kwa sababu ya kiburi cha neno moja? Aliona aibu.

"Waache waje na mashine yao," binti alisema. "Usijitese, Baba."

"Mashine itaurarua. Mimi nitaukata."

Alianzia getini. Mkasi haukutosha, ikabidi shoka, kisha jembe la kung'olea mizizi. Mizizi ilikuwa imeshikana chini kwa chini miaka yote hiyo, ukivuta huu unakuja na wa tatu yake, na mzee alikuwa akivuta huku akitukana: karani, mashine ya karani, fomu, swali la kumi na moja. Mwisho akajitukana mwenyewe, hilo akalirudia siku nzima. Asumini aliiacha mpaka siku ya sita. Akaizunguka, akaenda kunywa maji, akarudi, akaizunguka tena. Barua ilisema wote. Akaikata na hiyo.

Siku ya saba karani aliyekuja kukagua alikuwa yule yule wa dirisha la tatu. Akatazama mfereji mtupu wa udongo mwekundu uliopita shuleni kote, akatoa bahasha, akampa mzee kwa mikono miwili. Leseni. Ina picha yake, ina muhuri, ina namba. Chini imeandikwa: Mkandarasi, daraja la saba, ujenzi wa nyua. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: Hairuhusu upandaji.

"Hongera, mzee," karani alisema, halafu akaona haya, akaondoka haraka.

Asubuhi ya Jumatatu mwalimu wa nukta nundu alirudi, siku moja kabla ya watoto. Babu Mkasi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na ofisi yake, leseni mfukoni, mikono imevimba. Alimwona anaingia getini na begi lake, anaunyoosha mkono kushoto kama ilivyo kawaida yake. Mkono ukashika hewa. Akausogeza mbele, akaushusha, akaupandisha. Akatembea hatua chache, akaingia kwenye mfereji, akatoka. Akasimama katikati ya kiwanja alichokijua miaka kumi na tisa, akageuza uso huku na huku.

"Babu Mkasi!" akaita. "Upo? Nimepotea, mwenzio. Asumini siisikii."

"Nipo, mwalimu."

"Ua uko wapi?"

Mzee alikuwa amejiandalia maneno mengi. Kuhusu fomu, kuhusu idara, kuhusu mabweni. Yote yakamkimbia, likabaki moja tu.

"Nimeuua, mwalimu."

Mwalimu akacheka. Alicheka kwa furaha kabisa, kicheko cha mtu aliyesafiri wiki nzima akayakumbuka ya nyumbani, akasema, "Hatimaye, Babu! Miaka yote unanoa tu!" Halafu, mkono bado ameunyoosha, akasubiri na mzee acheke.