Mtaalamu Apata Mwanga

Saa mbili kasoro robo asubuhi, muuzaji wa duka la taa alipandisha swichi kuu, na taa mia mbili na kumi na saba zikawaka kwa mpigo. Kulikuwa na za kuning'inia, za ukutani, za mezani, na moja yenye umbo la bata ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiulizia. Amri ya tajiri ilikuwa moja tu: taa iliyozimwa haiuziki. Madirisha yalishazibwa kwa rafu, kwa hiyo habari za jua zililetwa na wateja.

Muuzaji huyu alijiita Mtaalamu. Utaalamu wenyewe aliupata kwa kusoma maboksi. Kila mteja aliyeingia alishauriwa achukue taa nyeupe kali. "Mchana mtupu, mama, hata tundu la sindano unaliona!" Mtaa mzima ukanunua. Yeye mwenyewe alifunga nne chumbani. Tangu hapo usingizi wake ulikuwa wa kuibia, na akajiambia ni kawaida ya watu wenye akili nyingi.

Jumatatu akaanza kuvuja mwanga. Akipiga mwayo, dari inang'aa. Kufikia Jumatano ulikuwa unamtoka masikioni. Mkewe, fundi cherehani, hakushangaa. Usingizi ulimzidi hata wa kushangaa hakuwa na nguvu.

"We baba, funga mdomo, unanimulika."

"Mbona nimefunga?"

"Basi funga na masikio."

Mkewe alizifungua zile taa nne akaziweka chini ya kitanda, chumba kikabaki vilevile. Akamfunika Mtaalamu blanketi, akawa kama taa ya mezani. Akamtia kabatini, mwanga ukapenya tundu la ufunguo ukampata mkewe jichoni, kwa shabaha ambayo Mtaalamu hakuwahi kuwa nayo katika jambo lolote.

"Sikia, mume wangu. Nakupenda. Lakini leo nimemshonea mtu zipu nyuma ya suruali. Ikifika Ijumaa bado hujazimika, nahamia kwa dada."

Ijumaa Mtaalamu akamwendea tajiri, mikono nyuma.

"Tajiri, naomba tuzime nusu. Au basi, hata bata peke yake."

Tajiri alimzunguka mara mbili, akamtazama kama mzigo uliotoka kwenye katoni.

"Unakula wati ngapi?"

"Sijapima, tajiri."

"Halafu unajiita mtaalamu!"

Akamkalisha kwenye kigoda karibu na mlango, palipokuwa na taa kubwa ya sebuleni, akamfuta vumbi usoni kwa kitambaa. Bata aliendelea kuwaka.

Saa kumi jioni mkewe aliingia na begi begani, macho mekundu. Alimtazama mumewe juu ya kigoda, kisha akamgeukia tajiri.

"Huyu anazimika?"

Mtaalamu alitaka kusema ndiyo. Alitaka kusema subiri mke wangu, nitatafuta njia, nitalala hata ndani ya pipa. Lakini mdomo wake ulikuwa na mazoea ya miaka mitatu ya kusifia taa, ukamtangulia.

"Hazimiki, mama. Ndiyo sifa yake."

Mkewe akatikisa kichwa, akalisogeza begi begani, akaenda zake kutafuta usingizi. Mtaalamu alimmulikia njia mpaka alipokata kona. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kule kwa dada aliwahi kuuza taa sita, zote nyeupe kali.