Wimbo wa Panya

Wakubwa walipomfukuza kazi Ba Mumbi ("Ba" kwetu ni neno la heshima), walimpa cheti cha shukrani chenye fremu ya dhahabu ya uongo. Alikuwa amepika uji wa munkoyo katika kiwanda chetu cha Ndola, Zambia, kwa miaka ishirini na sita, na alichotoka nacho ni fremu. Nilimsaidia kuibeba mpaka getini. Yeye hakulia. Nililia mimi, na machozi yalipokauka niliapa kwamba Jere atalijutia hilo.

Jere aliletwa kutoka Lusaka. Mngoni wa Chipata, suti ya kijivu, kinasa sauti mfukoni, na cheo ambacho hatukuwa tumewahi kukisikia: Meneja wa Maarifa. Kazi yake ilikuwa kukaa na wafanyakazi wa zamani, kuwauliza wanachokijua, na kukiandika kwenye jalada la bluu.

"Mtu akiondoka," alituambia mkutanoni, "asiondoke na kiwanda kichwani."

Tukapiga makofi. Wajinga sisi. Ba Mumbi alikaa naye siku nne na hakumficha kitu: unga upi, maji kiasi gani, moto wa namna gani. Siku ya tisa akapewa fremu. Jalada lilishajaa, mwenye kichwa wa kazi gani tena?

Ila kupika uji ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa yangu, kuupoza na kutia mizizi. Mizizi ya munkoyo ndiyo inayoulainisha uji ukawa kinywaji. Ukiitia uji ukingali wa moto mno, mizizi inakufa na wewe unabaki na ugali. Kipimajoto tunacho, lakini kinapima juu tu, na joto la tangi hujificha chini. Ndiyo maana tunakoroga kwa mwiko mrefu huku tukiimba. Wimbo ukirudiwa mara saba, joto limekuwa sawa juu na chini. Ba Mumbi ndiye aliyenifundisha, naye alifundishwa na mama yake.

Sasa wimbo wenyewe unawasema Wangoni. Sisi Wabemba ni watani wao. Tunawaita wala panya, wanatuita wala nyani, na hakuna ruhusa ya kukasirika, hata msibani mbele ya jeneza.

Zamu yangu ilifika Jumatatu. Jere alivuta kiti karibu na tangi.

"Haya, Ba Nkandu. Nasikia Mbemba akishashiba nyani anakuwa msemaji."

"Kaa, mtani. Nimefagia asubuhi, kwa hiyo panya hakuna. Utavumilia njaa."

Akacheka, akawasha kinasa sauti. Nilikuwa nimefikiri wiki nzima nimfanyeje. Ningeweza kumdanganya, lakini uongo humrudia mwenyewe, na mimi sikutaka kitu kitakachonirudia. Nilitaka apewe ukweli mkononi, kisha autupe mwenyewe.

"Unajuaje kwamba uji umepoa?"

"Naimba."

"Unaimba nini?"

Nikamwimbia wote, kwa sauti yangu ya kanisani:

*Mngoni alikuja na ngao,*
*karudi na panya mfukoni.*
*Kichwa kakila njiani,*
*tumbo kalila mlangoni,*
*mkia, mama, mkia,*
*mkia wamtoka mdomoni.*

Jere alicheka mpaka akavua miwani. "Nyinyi watu! Haya, tuache utani. Kipimo ni kipi?"

"Ndiyo hicho. Mara saba, huku unakoroga kutoka chini. Na usiruke mkia."

Akamgeukia Ba Chola, msimamizi wa zamu. "Unamsikia? Anataka Mngoni mzima nisimame hapa niimbe mara saba kwamba nakula panya."

"Ba Chola, wewe ni shahidi," nikasema. "Nimemwambia."

"Umemwambia, mama," Ba Chola alijibu, akijifuta machozi ya kicheko.

"Kipimajoto kinasoma ngapi mkitia mizizi?" Jere akauliza.

"Hamsini na tano."

Hiyo nayo ilikuwa kweli. Akaiandika, akapiga mstari chini yake, akafunga jalada. Siku ya kutia sahihi kwenye jalada nilimwambia tena, safari hii bila tabasamu, "Bwana Jere, ule wimbo si mzaha." Nilifanya hivyo kwa kumwogopa Mungu, si kwa kumhurumia yeye. Akanipigapiga begani. "Mtani, hunipati."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku kumi baadaye nilipewa fremu yangu.

Baada ya mimi kutoka walisimamisha uzalishaji, na mwezi uliofuata wakazindua tangi jipya la lita elfu tano. Mwenye kiwanda, Ba Sikazwe, aliwaalika wenye maduka kutoka Kitwe na Luanshya. Mchana Ba Chola alinipigia simu, na kwa kicheko alichokuwa nacho ilibidi arudie mara mbili.

"Kipimajoto kilisoma hamsini na tano, Jere akaamuru mizizi itiwe. Tukangoja, tukangoja. Ba Sikazwe akafungua bomba mbele ya wageni. Bomba likakohoa, mama. Likakohoa, halafu likatema bonge. Mgeni mmoja akauliza mboga iko wapi."

Nilikuwa kwa Ba Mumbi, tunamenya karanga. Niliposimulia, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke kazini. Jioni haijafika, gari la Ba Sikazwe likasimama nje. Alishuka yeye, kisha Jere na jalada lake.

"Ba Nkandu," Ba Sikazwe alisema, "huyu anadai ulimficha."

"Asome alichoandika nilipomaliza kuimba."

Jere alifungua ukurasa. Akataka kulifunga jalada.

"Soma, bwana," Ba Sikazwe akasema.

"'Hapa mhojiwa alitania,'" Jere akasoma. "'Haikuandikwa.'"

Ba Mumbi aliendelea kumenya karanga zake. Nikamweleza Ba Sikazwe habari ya wimbo tangu mwanzo, na Ba Chola akathibitisha kwa simu. Mzee akatugeukia mimi na Ba Mumbi.

"Mnataka nini?"

"Ba Mumbi arudi kazini kesho, na mimi pamoja naye."

"Na huyu nimfukuze?"

Jere alinitazama. Nakiri, nilifurahi kuyaona macho yale.

"Hapana, mheshimiwa mukwai. Abaki. Ana kazi ya kujifunza."

Kesho yake asubuhi kiwanda kizima kilisimama kuzunguka tangi, hata walinzi wa getini. Jere alivua koti, akafungwa aproni, akapewa mwiko. Hakuweza kukataa wala kukasirika, maana ni utani. Akaanza kukoroga na kuimba. Mara ya kwanza watu walicheka. Kufikia mara ya nne walikuwa wakimwitikia. Kufikia ya sita shati lilikuwa limemganda mgongoni na sauti imekwaruza.

Watu huniuliza kama nilimhurumia. Sikumhurumia hata kidogo.

Ba Mumbi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na tangi, fremu yake mapajani. Jere alimaliza mara ya saba, akashusha mwiko, akapumua.

"Umeruka mkia," Ba Mumbi akamwambia. "Anza upya, baba. Kutoka ya kwanza."