Dakika Tatu za Stabilaiza

Mnicheke mkitaka, lakini ile redio ndiyo iliyokuwa kiinua mgongo changu. Kiwanda cha chai kilipobinafsishwa, sisi mafundi umeme tulipunguzwa kwanza, nami nikarudi nyumbani Tukuyu na redio kubwa ya kaseti yenye spika mbili, ya umeme tu, isiyotumia betri.

Miezi ile umeme ulikuwa wa mgawo, na kila ukirudi ulirudi na hasira zake. Mtaani kwetu ulikwisha kuunguza redio mbili. Mimi nikafunga stabilaiza. Umeme ukirudi, inawasha taa nyekundu na kuuzuia dakika tatu mpaka utulie, kisha inawasha ya kijani na redio inalia. Nilipiga marufuku mtu yeyote kuichomeka redio moja kwa moja ukutani. Kwa hilo sikuwa na masihara.

Mke wangu Atuganile alikuwa na dada yake, Sekela, aliyeolewa huko Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kusikokuwa na simu. Barua ya mwisho ilisema anaumwa. Basi kila mchana Atuganile aliacha kazi zote akasikiliza matangazo ya vifo na ya wagonjwa.

Siku moja ya soko, mtaa mzima umehamia sokoni, mtangazaji akasema, "Ndugu Atuganile Lugano wa Tukuyu, Rungwe, unatangaziwa kwamba dada yako Sekela..." Umeme ukakatika.

Ukarudi palepale. Taa nyekundu ikawaka.

"Ichomeke ukutani, baba Tulia," akasema mke wangu. "Nakuomba."

Nikakataa. Nilisimama mbele ya soketi nikamweleza kwamba ikiungua hatutasikia neno, leo wala kesho. Alikaa akiitazama ile taa. Ilipowaka ya kijani, ulikuwa unapigwa muziki wa dansi.

Tuliuliza majirani wote, hakuna aliyesikia. Basi nikaamua mwenyewe, mjuaji mimi: nani huitwa kwa jina saa ile kwa jambo la heri? Sekela amekwisha. Atuganile alitaka kupanda basi hivyo hivyo, nikamwambia mpaka afike Tanga watakuwa wameshazika. Tukaweka msiba. Watu walikuja, wakapika ndizi, na mke wangu akalia siku tatu mpaka sauti ikamkauka.

Barua ya mume wa Sekela ilifika wiki ya tatu. Tangazo lilikuwa la kumtaka Atuganile afike hospitali upesi, mgonjwa anamtaja. Baada ya tangazo lile Sekela aliishi siku tisa, na kila jioni aliuliza kama dada yake ameshuka kwenye basi. Tulimlilia akiwa hai, na aliyesema amekufa ni mimi.

Atuganile aliikunja barua polepole. Hakulia tena, machozi alikwisha kuyamaliza kwenye ule msiba wangu.

"Zile dakika tatu, baba Tulia," akasema, "ulikuwa unalinda nini?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa nalinda redio.