Mtikisiko wa Spidi Hamsini

Loisi alikuwa na masikio yaliyozoeshwa kazi. Kwa miaka kumi na moja alikaa katika ofisi ya Bunge akisikiliza sauti zilizorekodiwa ukumbini na kuziandika neno kwa neno. Alijua nani amevuta pumzi na nani amegeuza karatasi. Kwa hiyo gari lake lilipoanza kutetemeka, kabla ya kuogopa alisikiliza.

Lilikuwa gari dogo la otomatiki, alilolinunua kwa mwalimu mmoja aitwaye Ludovick. Kila asubuhi akitoka kwake Ihumwa kwenda mjini Dodoma, kwenye vibao vya hamsini gari lilitikisika kana kwamba linapita juu ya matuta madogo madogo, likatulia, likaanza tena. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akabadilisha raba zinazoshika injini, akadai kwamba Loisi hajui kuendesha. Wa tatu hata boneti hakufungua.

"Giaboksi imekufa," alisema. "Tafuta nyingine."

Loisi hakuridhika. Kama imekufa, mbona likifika sabini linatulia?

Akaanza kulichunguza. Kabla ya kila mtikisiko, mlio wa injini ulishuka kidogo ingawa mguu wake haukusogea. Mlio ukipanda, mtikisiko unakoma. Siku moja mbuzi walisogea barabarani, akagusa breki kidogo sana, hata mwendo haukupungua. Mtikisiko ukakatika papo hapo. Akaachia breki, ukarudi. Akagusa tena, ukakatika. Alirudia mara saba, akafika kazini amechelewa na anacheka peke yake.

Jumamosi alilipeleka kwa Ambokile, fundi wa magari ya otomatiki mwenye gereji upande wa reli, palepale Ihumwa.

"Karibu, dada. Gari lina nini?"

"Linatetemeka nikiwa spidi hamsini. Nikigusa breki kidogo tu, linaacha."

Ambokile alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Akaacha kufuta. "Nani amekufundisha kugusa breki?"

"Mbuzi."

Fundi akacheka, akachuchumaa na kuchora chini kwa msumari. "Kati ya injini na giaboksi kuna kama mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya oili. La injini linasukuma oili, oili inazungusha la pili. Hayashikani, ndiyo maana ukisimama kwenye taa injini haizimi. Ila oili inateleza, nguvu inapotea. Kwa hiyo ukishapata mwendo, kuna sahani inayoyafunga yazunguke pamoja. Hapo ndipo mlio unashuka. Ukigusa breki, kompyuta ya gari inaiambia sahani iachie."

"Sasa kwa nini itetemeke?"

"Labda inafunga mapema mno. Twende tukaone."

Walishika njia ya Chamwino. Loisi aliendesha, Ambokile akiwa na kompyuta mapajani, waya wake umechomekwa chini ya usukani.

"Imefunga," Loisi alisema.

Ambokile akatazama mstari kwenye kioo cha kompyuta. Kweli.

"Imeachia. Imefunga tena."

"Dada, unaniwahi!" Fundi alishangaa. Kisha akakunja uso. "Inafunga kwenye hamsini na moja, inaachia kwenye arobaini na tisa. Kiwandani haliwekwi hivi. Kuna mtu ameingia humu akabadilisha." Akafungua mafaili yake ya zamani kutafuta gari la kulinganisha nalo. Akasoma faili moja mara mbili. "Hebu simama pembeni."

Loisi akasimama kando ya shamba la alizeti.

"Ni mimi," Ambokile alisema. Akamgeuzia kompyuta. Namba ya gari la Loisi ilikuwepo, na jina la Ludovick, na tarehe ya miaka mitatu iliyopita. "Alikuwa anakwenda Singida kila wiki, akataka lisile mafuta. Nikaweka lifunge mapema. Kwake halikusumbua, njia yake ilikuwa ndefu na nyeupe, alikimbia moja kwa moja. Sikuwaza kwamba litapata mtu mwingine na safari nyingine. Nisamehe."

Hasira zilimpanda Loisi. Alikumbuka miezi yote ya kuambiwa hajui kuendesha. Lakini swali likatangulia hasira.

"Namba za kiwandani bado unazo?"

"Ninazo. Lakini zile ni za gari jipya. Sahani yako imeshalika. Inabidi tutafute zinazolifaa hili lenyewe."

"Basi tuzitafute."

Walirudi gereji. Oili iliyomwagwa ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua, wakaweka mpya. Ambokile akapandisha mwendo wa kufunga hadi sitini. Mtikisiko ukaisha, lakini sahani ikashika kwa kishindo, kama mlango uliopigwa na upepo. Akaipa muda zaidi wa kushika. Ikawa laini, ila iliteleza mno na joto la oili likaanza kupanda. Akapunguza muda nusu.

Safari ya mwisho aliendesha Ambokile, Loisi pembeni amefumba macho.

"Imefunga?" fundi aliuliza.

"Bado."

"Sasa?"

"Bado... Ngoja. Nadhani sasa."

"Imefunga muda mrefu uliopita, dada."

Loisi akafumbua macho. "Acha hapohapo," akasema. "Usiguse tena."

Wiki mbili baadaye alikwenda kijijini Busi kumwona shangazi yake. Kwenye mlima mmoja wa Kondoa gari likatikisika mara moja. Alipofika juu akasimama, akampigia Ambokile.

"Spidi ngapi?" fundi aliuliza.

"Sitini na mbili, mlimani. Nimepunguza mguu, ikaachia."

"Hiyo ni sahani yenyewe. Niliichosha mimi. Itakupeleka, lakini siku moja tutaibadilisha, na kazi hiyo ni juu yangu."

"Siku hiyo nitaomba ruhusa kazini," Loisi alisema. "Nataka nione ikifunguliwa."

"Utaishika mkononi."

Akaweka simu, akasikiliza injini kidogo, kisha akaendelea na safari.