Mbiu Mbili za Sangwiro

Sangwiro ilikuwa nchi iliyozungushiwa ukuta mnene wa mawe meupe wenye lango moja tu, na juu ya lango hilo walisimama wapiga mbiu wawili waliopeana migongo: mmoja akitazama nje, akiwaimbia mabalozi wa majirani kwamba Sangwiro ni nyumba ya kila mja aliyechoka; mwingine akitazama ndani, akiwaapia wananchi kwamba lango limekomewa na hakuna wa nje atakayegusa sahani zao. Wote wawili walilishwa maneno na mtu mmoja, Mtukufu Galusindi, aliyeamini kila sikio lina chakula chake. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ya Sangwiro ilikuwa na mawili, tena yanapigana, na mie ninayesimulia mpaka leo sijui nilipaswa kushika lipi.

Aliyetaabika ni bawabu Ngwilizi. Desturi ya huko ilimtaka atii mbiu aliyoisikia mwisho: ya nje ikilia, afungue, ya ndani ikilia, afunge.

Asubuhi moja, mabalozi wakiwa wameketi nje vitini, akafika Siyame, mzaliwa wa Sangwiro, aliyekuwa amevuka kwenda kumzika mama yake na kumwachia jirani mwanawe anyonyaye. Lango likafunguka, kabla hajainua mguu, likafungwa. Likafunguka tena, likafungwa tena, likambania kiatu. Nyuma ya ukuta mtoto alikuwa analia, na maziwa yakamlowesha mama kanga. Alimsihi Ngwilizi, akasema yeye si mgeni. Ngwilizi akamjibu kwamba anamjua tangu alipokuwa akitambaa, ila mbiu haikumtaja. Jamani, hebu niambieni, hapo nani wa kulaumiwa?

Mchana Mtukufu akatoka na shada la maua, ili mabalozi wamwone akimlaki mnyonge. Akamkumbatia Siyame, akatabasamu sana. Lakini ndani, mpiga mbiu alikuwa akiwatangazia wananchi maneno aliyolishwa alfajiri: kwamba wavamizi wamejaa nje, na wengine wamevaa majoho na kujiita wakubwa. Ngwilizi akasikia, akafunga. Mabalozi wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya sherehe, wakaaga, wakaenda zao. Na kwa kuwa hapakubaki wa kuimbiwa, mpiga mbiu wa nje akashuka kwenda kula.

"Fungua, ni mimi Galusindi."

"Mbiu ilisema mtajiita hivyo," Ngwilizi akajibu kutoka ndani, ingawa hata yeye hakuwa na hakika.

Mtukufu akagonga, akafoka, akabembeleza. Jua likamchoma utosi. Mwishowe akamgeukia yule mwanamke, shada likimnyaukia mkononi.

"Mama, hapa mtu huingiaje?"

"Ukijua, baba, uniambie na mimi," Siyame akasema. "Mwanangu amenyamaza."